Kuja ni Hiari

Jumatatu, 28 Julai

Nesi ameniambia presha yangu inapandishwa na maneno. Nikikasirika niandike badala ya kusema, majirani nao wapumzike. Haya, naandika. Tuone nani ataumia, mimi au karatasi.

Leo kambi ya michezo ya kiangazi imefunguliwa pale shuleni Kingstanding, ambako siku za masomo mimi hupakua chakula cha mchana. Kwa wiki nne hizi nimepandishwa cheo: ni msimamizi wa wasichana ukumbini. Kazi yenyewe ni kuona sheria zinafuatwa, na mimi sheria nazipenda, kwa hiyo tumekutana. Ziko ukutani, zimefunikwa plastiki. Ukumbi haufunguliwi mpaka wawe ndani watu wazima wawili walioidhinishwa kukaa na watoto, na wasichana wakiwepo mmoja wao awe mwanamke. Mtu wa nje haingii, hata akiwa mzazi. Filimbi ya maji ikilia kila mtoto anakunywa mbele ya mtu mzima. Kipimajoto kikifika thelathini, hakuna kukimbia. Na ile iliyoandikwa kwa herufi kubwa kuliko zote: mlango uko wazi kwa kijana yeyote, kuja ni hiari, hakuna atakayehesabiwa siku alizokosa.

Hiyo ya mwisho kocha Lionel aliwasomea huku akitabasamu. Ni kijana wa Bukavu, mrefu, na viatu vyake vyeupe havijawahi kuona tope. "Kuja ni hiari, batoto. Munaelewa? Volontaire." Halafu akawapitia kwa macho mmoja mmoja, taratibu, mpaka wa mwisho. Sikumpenda.

Saido alikuwa mstari wa mbele, kamba za viatu amezifunga mara mbili. Huyu ni binti wa Barwako, jirani yangu wa ghorofa ya juu hapa Ladywood. Tunapanda mabasi mawili pamoja kwenda shuleni, na ananiita eddo, yaani shangazi, ingawa hatuna damu moja. Ana miaka kumi na sita, mitihani amemaliza. Ijumaa ya tarehe 22 Agosti kocha wa chuo kimoja chenye timu kali ya wasichana ya mpira wa kikapu atakuja kuwatazama, na katika timu hiyo imebaki nafasi moja. Saido anaitaka mpaka naona haya kumtazama usoni akiizungumzia. Asipoipata ataenda chuo cha karibu kisicho na hata goli moja, na mpira wake utaishia kwenye lami chini ya maghorofa yetu.

Jumanne, 29 Julai

Wasichana saba kati ya kumi na mmoja wanavaa hijabu. Filimbi ya maji ikilia, wavulana wanajimwagia chupa nzima kichwani, na wasichana wangu wamesimama kando wanajipepea kwa viganja, vitambaa vimewaganda shingoni. Nikamwendea Lionel.

"Kocha, hawa wasichana wanahitaji place ya kuvua hijabu wapoe. Si unipe ile store ya magodoro nitundike pazia?"

"Mama Deeqa, miye sina shida na rideau. Lakini sheria inasema banywe mayi mbele ya mutu mukubwa."

"Kwani mimi ni nini, mtoto?"

Akacheka, akainua mikono juu. Kesho naenda na shuka.

Jumatano, 30 Julai

Pazia limepanda. Filimbi ikilia wasichana wanaingia stoo, mimi nasimama mlangoni, mgongo kwao, uso kwa wavulana, mikono kiunoni. Hakuna jicho linalopita. Nyuma yangu nasikia wanacheka na maji yanamwagika, na roho yangu inatulia.

Jasvir alipita na ubao wake wa kuandikia. Yeye ndiye mwalimu mwenye dhamana ya usalama wa watoto, mwanamke ambaye naamini hata akipiga chafya anaweka sahihi. Akauliza kama wote wanakunywa. Nikamwambia wote, bila wasiwasi.

Alhamisi, 31 Julai

Mvua. Watoto tisa. Hakuna kesi.

Ijumaa, 1 Agosti

Waliokosa jana wamerudi. Lionel alimpokea mmoja wao mlangoni akamwambia, "Jana tulikukosa, champion," kwa sauti tamu kabisa. Yule mvulana akainama kama aliyeshikwa na kitu cha wizi. Wengine wote walisikia. Ndiyo hiari yenyewe hiyo.

Jumatatu, 4 Agosti

Saido hakufunga goli hata moja mchezo wa mwisho. Lionel alimrudisha zoezi lile lile mpaka nikataka kuingia uwanjani nimvue filimbi shingoni. Kwenye basi amelala begani kwangu kuanzia kituo cha kwanza. Mtoto anachoshwa na mtu anayetaka sifa mbele ya wageni wa chuo. Nimeyaandika, nesi, sijayasema.

Jumanne, 5 Agosti

Joto. Saido kalala tena begani.

Jumatano, 6 Agosti

Leo nilibeba mkoba wa Saido wakati anafunga kamba za viatu, nikaona ni mzito. Chupa yake ya maji imejaa mpaka shingoni. Nikaitazama midomo yake. Nimelea mabinti watatu, midomo ya aliyefunga naijua.

Nikafikiri haraka kama mama yeyote angefikiri. Ana siku zake za kadha kutoka Ramadhani, siku zile ambazo msichana hafungi na baadaye huzilipa. Wenye akili huzilipa Desemba, jua likizama kabla ya chai ya jioni. Lakini watoto wana haraka, na kama mama yake amemhimiza ni mambo ya nyumbani kwao. Huulizi jambo kama hilo kwenye kituo cha basi, wala humwelezi kocha wa kiume kwa nini msichana hanywi. Kuna stara.

Nikamwambia tu, "Ukichoka unakaa chini, umesikia?"

"Niko fine, eddo. Walahi niko fine."

Ni siku moja au mbili, nikajiambia. Zikiisha atakunywa.

Ijumaa, 8 Agosti

Lionel alinivuta pembeni baada ya mazoezi.

"Mama Deeqa, nikuulize. Saido anakunywaka mayi kweli? Minaona miguu yake inakuwa mizito."

"Anakunywa."

"Unamuona?"

"Kocha, ukipunguza kuwakimbiza, miguu itakuwa myepesi."

Akanitazama kidogo, akasema sawa, mama. Nimedanganya, na nimedanganya kwa nia njema. Lakini ningemjibu nini? Kwamba msichana wa watu ana siku za kulipa? Angekuwa na kazi gani na habari hiyo?

Jumapili, 10 Agosti

Wanasema wiki hii joto litapanda sana. Nilitaka kupanda kwa Barwako nimwambie. Nikafika mpaka kwenye lifti. Tangu mama yake afariki Nairobi mwezi wa tano, Barwako amekuwa mtu wa kazi na usingizi tu. Anafanya kazi karakana ya Vinubhai kule Hockley, anapanga mikufu kwenye visanduku, anarudi macho mekundu, na ukimpa pole anabadilisha mazungumzo. Nikaona nisimwongezee. Nikarudi ndani.

Jumatatu, 11 Agosti

Ishirini na nane ukumbini saa nane mchana. Nilimwambia Saido abaki nyumbani kesho. "Siwezi, eddo. Nikikosa coach ataona sitaki." Nikamwambia kuja ni hiari. Alinitazama kwa huruma, kama anayemtazama mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege jana.

Jumanne, 12 Agosti

Nimemeza dawa ya presha kabla ya wakati wake. Nesi asijue.

Paa la ule ukumbi ni bati, na saa nne asubuhi tayari lilikuwa linalia kwa joto. Lionel alifungua milango yote ya dharura. Hakuwakimbiza, hilo niseme. Aliwapanga mistari miwili wawe wanatupa mpira wakiwa wamesimama, filimbi ya maji kila baada ya muda mfupi, na nilipokwenda kumwonyesha kipimajoto kimefika thelathini alikuwa ameshaanza kukusanya mipira. "Wa mwisho, kisha tunaenda kivulini," akasema. Nilikuwa nimekuja na maneno makali na nikakosa pa kuyaweka.

Wa mwisho alikuwa Saido. Alisimama kwenye mstari na mpira mikononi na hakuutupa. Wenzake wakangoja. Mmoja akacheka. Lionel akasema, "Saido, tupa, tuende." Hakutupa. Hakuwa anatoka jasho. Hilo ndilo lililonishtua kwanza, kwamba wote tulikuwa tumeloa na uso wake yeye ulikuwa mkavu. Kisha akageuka akanitafuta, akaniuliza kwa upole kabisa, "Eddo, tunashuka hapa?"

Alidhani tuko kwenye basi.

Sikumbuki nilivyovuka uwanja. Magoti yake yalikunjika nikamkuta amekaa chini, mpira unaviringika kuelekea ukutani. Lionel alikuwa hapo kabla yangu. Alimlaza, akamwinua miguu, akapiga kelele waletwe barafu na taulo za maji, akamtuma mvulana mmoja amwite Jasvir na mwingine akae nje aisubiri ambulensi, yote hayo bila kupandisha sauti kuliko ilivyohitajika. Akamwekea chupa mdomoni. Saido akauma meno.

"Kunywa, mutoto wangu. Kidogo tu."

Akatikisa kichwa. Lionel akainua macho akanitazama. "Mama Deeqa. Ulisema anakunywaka."

Watoto wote walikuwa wamesimama pale, wavulana na wasichana. Stara yote niliyoilinda wiki mbili nikaivunja kwa neno moja. "Amefunga," nikasema.

Nikapiga magoti. "Saido, fungua saumu. Mgonjwa ameruhusiwa na Mungu mwenyewe."

"Zimebaki nne tu, eddo."

"Kadha inalipwa hata Januari! Nani alikwambia uilipe kwenye tanuri?"

"Si zangu." Alikuwa anaongea polepole, ulimi unagoma. "Ni za ayeeyo."

Ayeeyo ni bibi yake, mama yake Barwako. Ndiye aliyemlea Saido Eastleigh, kule Nairobi, mpaka alipotimiza miaka tisa na karatasi za kuja huku zikapatikana. Niliipata habari yote vipande vipande, huku namkanda shingo kwa taulo. Ramadhani bibi aliumwa, akala siku kumi na mbili. Akapona. Akamwambia Saido kwenye simu kwamba atazilipa akipata nguvu kidogo, na mwezi wa tano akalala usiku mmoja hakuamka. Deni hilo hakuwa amemwambia mtu mwingine. Saido akaulizia, akaambiwa jamaa wa marehemu anaweza kumfungia saumu zake, akaanza.

"Na mama yako?"

"Hooyo hataki tumtaje."

Nikamwambia anywe, na kama ni dhambi iandikwe jina langu, Deeqa, ghorofa ya nne. Akanywa. Akalia, akanywa tena. Watu wa ambulensi walipofika walisema tumefanya vizuri, wakaondoka naye. Jioni alirudishwa nyumbani, ameambiwa anywe, apumzike, na asicheze mpaka daktari aseme.

Kila filimbi ilipolia nilikuwa nimesimama pale mlangoni, nimetazama upande ambao hakukuwa na hatari yoyote.

Jumatano, 13 Agosti

Ofisini kwa Jasvir. Feni inazunguka, hewa ile ile. Aliuliza kwa Kiingereza chake cha taratibu ni nani aliyehakikisha kwamba Saido anakunywa.

Kabla sijafungua mdomo Lionel akasema lawama ni yake. Yeye ndiye kocha. Akasema aliwatangazia kwamba kuja ni hiari, na kila asubuhi akawahesabu kwa macho, na watoto si vipofu. "Angeamini anaweza kukaa nyumbani, angekaa," akasema. Alikuwa na haki ya kusema kwamba Ijumaa aliniuliza nikamdanganya. Hakusema. Nilikaa nikimtazama kijana huyu wa viatu vyeupe niliyemla nyama wiki mbili humu ndani, na nilijichukia.

Nikamwambia Jasvir ni mimi. Nilisimama kuwalinda wasionekane, sikuwatazama wanavyokunywa. Nilijua amefunga tangu Jumatano iliyopita, na nilipoulizwa nikadanganya.

"Kwa nini?" akauliza Jasvir.

"Kwa sababu kwetu jambo hilo haliambiwi mwanamume."

"Ungeniambia mimi."

Ni kweli, ningemwambia yeye. Haikunijia hata mara moja kichwani kwamba nyuma ya ule ubao kuna mwanamke.

Nimesimamishwa kazi ya ukumbini. Lionel amepewa onyo na atabaki. Lakini bila mwanamke mwingine aliyeidhinishwa ukumbi haufunguliwi, Jasvir mwenyewe amebanwa na kazi ya ofisi, na walimu wengine wa kike wako Uhispania, wako Pakistani, wako kitandani. Nikauliza, na Ijumaa ya tarehe 22? Jasvir akasema sheria ni sheria. Sheria hiyo niliipenda sana.

Alhamisi, 14 Agosti

Ukumbi umefungwa. Joto lile lile. Chakula hakipiti.

Ijumaa, 15 Agosti

Barwako aligonga mlango saa kumi na mbili jioni, bado na aproni ya kazini. Hakutaka kukaa.

"Ulijua."

"Walaal, dada yangu, ingia kwanza..."

"Ulijua mtoto wangu anakauka mbele yako! Wiki nzima! Tunapanda lifti moja, Deeqa. Si ungeniambia tu?"

"Nilidhani ni wewe uliyemwambia alipe."

"Kwenye hii joto? Mimi? Unanionaje?"

Nikasema nilitaka kumwambia Jumapili nikaona asiongezewe mzigo. Hapo ndipo alipolia, kwa hasira. "Kila mtu ananionea huruma mpaka mtoto wangu anakaribia kufa na mimi sijui. Saa hii amefunga mdomo, hasemi ni kwa nini alifunga. Sema wewe."

Nikamwambia hiyo si yangu ya kusema, aulize kwa mwanawe, na aulize kwa jina la mama yake. Aliposikia mama yake anatajwa aligeuka akaondoka. Mlango aliubamiza mpaka jirani akachungulia. Nimekaa sakafuni muda mrefu. Rafiki yangu wa miaka saba.

Jumapili, 17 Agosti

Saido alishuka kuniita. "Hooyo anasema uje." Kwetu mama huitwa hooyo, naye humwita mwanawe hooyo vilevile.

Barwako alikuwa mezani na chai ambayo hakuigusa. Saido akakaa, akatazama mikono yake, akamweleza mama yake yote, nusu Kiswahili nusu Kiingereza. Zile siku kumi na mbili. Ayeeyo alivyosema atalipa. Nane alizokwisha kumfungia. "I wanted to finish before college, hooyo. Hakuwa anapenda kitu ikae."

Nilidhani Barwako atamgombeza. Akasema, "Aliniambia ako sawa. Kila Ijumaa nikipiga, niko sawa, Barwako, niko sawa." Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Na mimi sikuenda kumzika."

Saido akamsogezea kikombe, Barwako akakisukuma kando.

"Zimebaki ngapi?"

"Nne."

Nikasema niko tayari kuchukua mbili. Shekhe niliyempigia simu alisema mtu wa nje anaweza, jamaa wakimpa ruhusa. Ilikuwa njia yangu ya kuomba radhi, na Barwako aliiona.

"Asante, walaal. Lakini huyu ni mama yangu. Zote ni zangu."

Jumatatu, 18 Agosti

Daktari amemruhusu Saido kucheza, kwa sharti anywe. Ana ruhusa na hana ukumbi. Nilimpigia Jasvir simu, ikaita mpaka ikakatika.

Jumanne, 19 Agosti

Barwako amefunga ya kwanza. Lionel alipiga simu. Ametafuta mwanamke aliyeidhinishwa mpaka makanisani, waliopo hawana karatasi, wenye karatasi hawapo. "Mama, yule wa chuo anasema kama Ijumaa haiwezekani, atachukua mutoto wa Coventry." Sikulala vizuri.

Jumatano, 20 Agosti

Nilienda shuleni mwenyewe, mabasi yote mawili, nikamkosa Jasvir. Yuko likizo tangu jana, karani akasema, amekodi nyumba Wales na wajukuu. Nikaacha ujumbe, maneno machache tu: mwenye kosa ni mimi, asilipe mtoto.

Alhamisi, 21 Agosti

Matokeo ya mitihani yametoka. Saido amefaulu, alama zinatosha kwa chuo. Alisema "cool" akarudi kitandani.

Jioni simu ikalia. Jasvir. Akasema atarudi peke yake asubuhi, asimame yeye ukumbini, kisha aendelee na likizo yake. Nikaanza kushukuru akanikata. "Wewe na mama yake hamtaingia. Watu wa nje." Nikasema ndiyo, mwalimu. Mwanamke huyu niliwahi kumcheka kwa chafya yake.

Ijumaa, 22 Agosti

Tulikaa kwenye ukuta mfupi karibu na mapipa ya taka, mimi na Barwako. Vinubhai alimpa ruhusa ya nusu siku. Ilikuwa saumu yake ya nne, na ya mwisho. Jua halikuwa kali lakini midomo yake ilikuwa imepauka, na mimi sikunywa chochote. Sikufunga, ila nisingeweza kunywa mbele yake.

Hatukuona kitu. Tulisikia tu mpira, viatu vinavyolia sakafuni, sauti ya Lionel, kisha sauti ya mwanamke nisiyoijua. Kila mpira ulipogonga chuma Barwako alishtuka. Nilimwambia asifanye hivyo, presha itanipanda. Akaniambia hiyo presha niiandike. Ilikuwa mara ya kwanza kunitania tangu siku ile ya mlango, na nilifurahi kupita kiasi.

Mpira ukanyamaza. Ukakaa kimya muda ambao sikuupenda. Tukasimama, tukakaa tena. Barwako akaanza kusoma dua kwa midomo tu. Nikafikiria jua, nikafikiria magoti ya Saido yalivyokunjika, nikahesabu watoto wanaotoka na kila mmoja hakuwa yeye. Mwanamke wa chuo akatoka anaongea na simu, akatupita bila kutusalimia, akaingia garini. Lionel akasimama mlangoni. Hakuniashiria lolote. Akageuka akarudi ndani.

"Wamemkataa," Barwako akasema.

"Ngoja."

"Wamemkataa, Deeqa. Ni kwa sababu aligonjeka. Nani anataka mtoto wa kuanguka?"

Saido alitoka wa mwisho, Jasvir nyuma yake ameshika chupa tupu ya maji, anaionyesha kwetu juu kabisa, aione kila mtu. Uso wa Saido haukuwa na kitu. Alikuja mpaka ukutani akasimama mbele ya mama yake.

"Nimeipata," akasema. "Naanza September."

Barwako hakupiga kigelegele kama nilivyokuwa nimejiandaa. Alimvuta, akamshikilia, akanusa kichwa chake juu ya hijabu iliyoloa. Kisha akamwachia, akasogea kwenye ukuta akaacha nafasi kati yetu wawili.

"Kaa hapa. Wewe ulikuwa unampigia ayeeyo kwanza. Game ikiisha, yeye kwanza, mimi naambiwa usiku. Nilikuwa naona wivu, walahi." Sauti yake ilikuwa kavu. "Leo niambie mimi. Venye ungemwambia yeye. Usiruke kitu."

Saido akakaa. Akafikiri kidogo, akajifuta pua kwa mkono. "Basi, ayeeyo, mwanzo nilikuwa naogopa..." Akasita, akamtazama mama yake kwa hofu ya kosa lililomtoka.

Barwako akamshika goti. "Endelea, hooyo," akasema. "Nasikiliza."